Ugonjwa Usio na Haraka

Marehemu Mwinshehe alikuwa hakai. Ukimwona amekaa, ujue anakula, na hata kula kwenyewe alichutama upande, jicho liko mlangoni. Fundi seremala wa Keko yule, mikono yake Mungu aliibariki, lakini kitanda chako akikianza leo, kesho utamkuta anaranda mlango wa mtu mwingine, keshokutwa yuko Kigamboni eti anatafuta ubao wa mvule. Wateja walikuja kunililia mie. "Bi Mwamvita, kitanda changu kina miguu mitatu, nilale wapi?" Nami nifanyeje? Nawaambia, "Kamlalieni mwenyewe fundi." Wanacheka, wanaondoka, kesho wanarudi tena.

Nilimpenda. Naliweka hili mbele kabisa, maana kwa nitakayoyasema mtadhani nilimchukia. Nilimpenda kwa ukali, kama ninavyofanya mambo yangu yote. Mie sijui kupenda polepole, na anayetaka mwanamke wa sauti ya chini aende akatafute kwingine.

Sasa mwaka ule Waingereza walipokuwa wanamtawaza Malkia wao, mjini wametundika vibendera mpaka kwenye miti, ndipo kifua cha Mwinshehe kilipoanza kupiga miluzi. Akiranda ubao, anasimama, anashika kiuno, anavuta pumzi haiji. Watu walisema ni vumbi la mvule. Alivuta moshi wa majani ya mranaha, akanywa tangawizi na asali, akanywa kombe la kila shehe kuanzia Keko mpaka Mbagala. Nafuu ilikuja, ikaondoka. Mwishowe nikamwambia, "Bwana we, nenda hospitali ya Serikali, Mzungu akusikilize hicho kifua kabla hujaniamsha tena kwa miluzi."

Akaenda peke yake. Kwa hiyo nayasimulia haya kama alivyonisimulia yeye. Daktari alimwekea mpira kifuani, akamgeuza mgongo, akasikiliza, akatingisha kichwa, akamwambia mkalimani neno moja: kronik. Halafu akageukia karatasi zake. Mwinshehe akamuuliza yule mkalimani, "Kasema nini?" Naye, foleni imefika uani, watu wanasukumana, akamjibu haraka haraka: "Kasema huu hautoki, mzee. Utakwenda nao mpaka kaburini. Haya, mwingine apite!"

Basi. Katika maneno yote yale, mume wangu akaondoka na kaburi tu. Alirudi Keko kwa miguu, uso umemshuka, akasimama uani nilipokuwa nafua. Akasema, "Mwamvita, mie safari." Nikadhani anakwenda Kigamboni.

"Safari ya wapi tena na jua hili?"

"Ile isiyo na kurudi. Mzungu kanipa kronik."

Kwetu sie watu wa pwani, mtu akijua siku zake zimekaribia, hutaka radhi. Huwaendea aliokaa nao, akawaambia, kama nimekukosea nisamehe, nao humjibu, nimekusamehe, nisamehe nami. Ni jambo jema, huondoa mizigo. Lakini watu huifanya kazi hiyo wakiwa kitandani, watu wanawajia. Mwinshehe aliifanya mbio. Mfa maji haishi kutapatapa, walisema wahenga, na yule alitapatapa Keko nzima. Kila nyumba aliingia. Muuza kahawa alimtaka radhi, muuza maji alimtaka radhi, mpaka watu aliogombana nao utotoni akawafuata Temeke. Vyombo vyake vya kazi akavigawa: randa akampa jirani yetu Kondo, msumeno akampa mwingine, patasi moja tu ikabaki kwa kuwa ilikuwa imevunjika mpini. Akaenda msikitini akalikagua jeneza, akasema ni fupi, miguu yake itaning'inia. Akaviazima vyombo alivyogawa, akatengeneza jipya. Na hilo, jamani, alilimaliza! Kazi pekee aliyoimaliza kwa wakati maishani mwake. Imamu alimshukuru, ila hakujua atazame wapi.

Huyo Kondo naye alipotakwa radhi akaona afadhali na yeye autue mzigo wake. Akasema, "Nimekusamehe, ndugu yangu, na mie nisamehe. Yule jogoo wako uliyemtafuta, nilimla mie." Mwinshehe akakunja ngumi. Kisha akakumbuka kwamba anakufa, akaikunjua. Nilicheka siku hiyo mpaka nikashika mbavu, na sikujua kwamba zamu yangu inakuja.

Ilikuwa baada ya alasiri. Nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Mwinshehe akaingia uani, akatandika mkeka, akakaa. Akakaa kitako, miguu ameikunja, mikono mapajani. Nilijua kuna jambo.

"Mwamvita, nataka radhi yako."

"Nimekusamehe, bwana. Mara ngapi? Kila asubuhi unaniaga."

"Hili hulijui."

Nikaacha kukuna.

"Mwaka ule makuli wa bandarini walipogoma," akasema, "nilikwenda Chamazi kwa mama. Unakumbuka? Kwa ajili ya Tabu."

Nisikumbuke vipi? Tabu ni binti yetu, sasa yuko kwa mumewe. Alipovunja ungo, mavyaa wangu Bi Hija, mama yake Mwinshehe, alitaka awekwe mwali kwake Chamazi, akae ndani mpaka apatikane mchumba, hata ikiwa miaka. Ndivyo walivyofanyiwa wao. Nami nikakataa. Nikasema mwanangu atakaa ndani kwangu, Keko, muda wa kufundwa tu, kisha atatoka alione jua. Bi Hija alinuna, akasema nimemdharau. Mwinshehe akatumwa kati yetu mpaka viatu vikaisha soli.

"Mama alinibana," akasema. "Akaniuliza mie mwanamume gani ninayeendeshwa na mke. Nami hasira zikanipanda. Nikatamka. Nikasema nimemwacha Mwamvita, talaka moja. Mbele ya mama na mbele ya mjomba."

Nilimtazama. Kifua chake kilikuwa kinapiga miluzi.

"Halafu?"

"Halafu nikarudi nyumbani. Njiani nikasema nikifika nitakwambia. Nikakuta umepika bada na kisamvu cha nazi. Nikala."

"Ukala!"

"Nilikuwa na njaa, Mwamvita. Toka Chamazi kwa miguu."

"Na hukutamka kunirejea? Siku ya pili? Mwezi wa pili?"

Akainamisha kichwa. "Nilisema nitasema kesho. Kila siku nilisema kesho. Sasa Mzungu kaniambia kaburi, nikaona sina kesho."

Asiyejua sheria yetu nimweleze. Talaka moja si mwisho wa ndoa. Mke anakaa eda, na kabla eda haijaisha mume ana haki ya kumrejea, anatamka tu kwamba amemrejea, basi. Asipotamka, eda ikaisha, kamba imekatika. Mwinshehe hakutamka. Eda yangu ilikwisha nikiwa napepeta mchele, sina habari. Kumbe toka mwaka ule wa mgomo nilikuwa si mke wa mtu. Nilikuwa mwanamke tu anayempikia fundi seremala, anayemfulia, anayemwamsha alfajiri aende msikitini.

Nilimrushia kifuu cha nazi. Kilimpata begani, na sijutii mpaka leo. Nikaingia ndani, nikafunga kanga zangu, nikatoka kwa mlango wa mbele watu wananitazama. Nyuma nilimsikia, "Mwamvita, radhi! Nipe radhi kwanza!" Radhi! Nilitamani nigeuke nimpige na kifuu cha pili.

Nikaenda kwa mdogo wangu Bakari, Temeke, mtaa wa Wailes. Bakari ndiye aliyekuwa walii wangu kwa kuwa baba alishatangulia. Alimwita shehe, nikaeleza yote. Shehe akasema dhambi si yangu, sikujua. Tabu amezaliwa ndani ya ndoa na hana doa. Lakini talaka ilisimama na eda ilikwisha. Tukitaka kukaa pamoja, lazima ndoa mpya, mahari mpya, na ridhaa yangu mwenyewe. Akanitazama kwa huruma. Nikamwambia huruma asinipe, anipe maji ya kunywa.

Toka siku hiyo wajumbe wakawa hawaishi mlangoni kwa Bakari. Mwinshehe anasema afungiwe ndoa haraka. Mwinshehe anasema hataki kufa bila mke. Mwinshehe kazidiwa leo, jana hakula. Mpaka Bakari mwenyewe akageuka wakili wake.

"Dada, mtu anakufa. Mfungie ndoa aende salama. Utapungukiwa na nini?"

"Anataka aende safi," nikamjibu. "Malaika Munkari na Nakiri wakimuuliza habari za Mwamvita awe na jibu. Mie je? Mie ni tambara la kufutia miguu mlangoni mwa kaburi?"

Lakini nilikuwa silali. Nasema wazi, nilikuwa nahangaika kuliko yeye. Nafagia uwanja wa Bakari uliofagiwa, nafua nguo safi, nakwenda mpaka barabarani, narudi. Niliwaza: akifa leo, Keko watalia, na mie nitakuwa nani? Sitakaa eda. Sitakaa chumbani na wafiwa. Nitakaa uani na majirani, natia chumvi kwenye sufuria, na wanaokuja kutoa pole watanipita kwenda kumpa Bi Hija. Mwinshehe, mtu niliyemlea kama mtoto! Hasira inanipanda, halafu machozi yanaizima, halafu hasira tena.

Nyumba ya pili kutoka kwa Bakari alikaa kijana mmoja wa Masasi, Benedikto, dresa, msaidizi wa daktari kwenye dispensari, na mkewe Adelina. Nikaona nimwendee. Si kwa ajili ya kumtafutia Mwinshehe dawa. Nilitaka kujua nimebakiwa na siku ngapi za kukasirika.

"Hodi humu."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kuna neno la Kizungu linanisumbua. Kronik. Mtu akiambiwa hilo na daktari, anakaa muda gani kabla hajafa?"

Benedikto akacheka. Nikasimama niondoke, kwa sababu mie sikwenda pale kuchekwa.

"Kaa, mama, nisamehe," akasema. "Sikucheki wewe. Nani aliyekwambia hilo ni neno la kifo?"

Nikamweleza ya hospitali, ya mkalimani na kaburi lake. Akatikisa kichwa.

"Mimi nilisoma seminari," akasema, "kabla sijamwona huyu." Akamwonyesha Adelina kwa kidevu, na Adelina akabetua midomo. "Padri mmoja alitufundisha Kiyunani kidogo. Wayunani wa kale walikuwa wakiuita wakati khronos. Wakati tu, huu unaopita, asubuhi mpaka jioni, mwaka mpaka mwaka. Neno likatoka kwao likaenda kwa Warumi, Warumi wakalitia kwenye vitabu vya uganga. Wafaransa wakalichukua kwa Warumi. Mwisho likawafikia Waingereza, nao wamelileta mpaka hapa Dar es Salaam."

"Basi neno lenyewe nalo halikai," nikasema. "Limempata mwenzake."

"Lakini maana yake limekuja nayo, mama. Ugonjwa wa kronik ni ugonjwa wa wakati. Kifo hakimo humo. Homa ya malaria inakuja ghafla, inakuchoma, ama unapona ama tunakuzika. Hiyo ndiyo yenye mbio. Huu hauna haraka. Unakuja, unakaa, unazeeka na mtu. Leo mbaya, kesho nafuu, lakini upo. Wazungu wengine wakiona chai mbovu husema nayo ni kronik, lakini hilo ni la mitaani, daktari hakusema hilo."

"Na kwenda nao mpaka kaburini?"

"Ni kweli, atakwenda nao. Hata mvi zako utakwenda nazo mpaka kaburini. Umeambiwa unakufa?" Akainuka akachukua kofia yake, maana saa ya kazi ilifika. "Aache kuranda mvule ndani ya banda, arande nje penye upepo. Atatuzika wengi huyo."

Nilirudi kwa Bakari, nikakaa kizingitini. Furaha ilinijia kwanza, sikatai. Hafi! Halafu nikafikiri zaidi. Kumbe yule mtu alishika siri yake kifuani miaka yote, ikazeeka naye, na nilikuwa sijasikia hata mluzi wake. Na sasa siri nyingine iko kwangu. Nikinyamaza, ndoa itafungwa kesho, nitarudi kwenye nyumba yangu na sufuria zangu. Atashukuru Mungu, na siku moja atagundua mwenyewe kwamba hafi. Lakini nitakuwa nimeolewa na woga wake. Alipotamka talaka alikuwa anamwogopa mama yake. Anapotaka ndoa anaogopa kaburi. Ni lini mtu huyu atanitaka mimi bila kuogopa kitu?

Nikajifunga kanga, nikaenda Keko bila kumwambia mtu.

Nilimkuta bandani amelala juu ya mbao, amejifunika shuka mpaka kidevuni mchana kweupe. Alipita paka akamrukia, hakumfukuza. Aliponiona machozi yakamtoka.

"Umekuja kunipa radhi."

"Nimekuja kukwambia hufi."

"Nani kasema?"

"Dresa Benedikto. Kronik ni ugonjwa wa wakati, siyo wa kufa. Utakaa nao mpaka uchoke nao. Utakohoa, utapata nafuu, utakohoa tena, mpaka uwe mzee. Acha kuranda mvule humu ndani, basi."

Akakaa. Akanitazama kama anayetafuta utani usoni mwangu. "Wallahi?"

"Wallahi. Sasa nisikilize, Mwinshehe. Umetuma watu kwa Bakari mpaka mlango umelegea. Ulitaka ndoa kwa kuwa unakufa. Sasa hufi. Unasemaje?"

Nilingoja jibu. Nilisimama pale mikono kifuani. Mwinshehe akaitupa shuka, akaruka chini, akatazama ukutani palipokuwa panatundikwa vyombo, pako patupu.

"Randa yangu!" akasema. "Kondo asije akaiharibu makali!"

Akatoka mbio.

Naapa kwa Mungu, alitoka mbio akaniacha nimesimama na paka. Nikalia kutoka Keko mpaka Wailes, nalia njiani kama mtu aliyefiwa, waliokutana nami wakanipa pole. Nikazipokea. Niliona nazistahili.

Siku zikapita. Habari zake zililetwa na wapita njia. Amechukua randa yake kwa Kondo, wakagombana, akamkumbusha na jogoo. Amechukua msumeno wake kwa nguvu. Amepona, anapiga miluzi ya kifua na ya mdomo. Halafu habari ikageuka: banda limefungwa, fundi haonekani. Wengine wakasema ameonekana anashika njia ya kusini. Wengine wakasema amekwenda Rufiji kuoa mwali. Keko kwa maneno! Lakini maneno yale yaliniingia. Nilikuwa natoka mlangoni, narudi, natoka. Bakari akasema, "Dada, utachimba shimo hapo." Nikamwambia anyamaze, naye akanyamaza, kwa kuwa aliniona nimekonda. Roho iliniuma. Nilijiambia umetaka ukweli, Mwamvita, huu hapa, ule.

Asubuhi moja nikasikia hodi. Nikafungua. Bi Hija wa Chamazi amesimama na mkongojo wake, vumbi mpaka magotini, kanga mpya ya kutokea. Nyuma yake Mwinshehe, ameshika mti wa mlango, anatafuta pumzi.

"Shikamoo, mama," nikasema, maana adabu ni adabu.

"Marahaba."

Nikawapa mkeka, nikawapa maji. Mwinshehe alipopata pumzi ndipo akasema, akinitazama mimi, si mama yake. "Nilikwenda kumleta. Neno lilitoka mbele yake, nikaona nawe ulisikie mbele yake. Hakutaka kuja. Nikakaa barazani kwake mpaka alipotaka."

"Ulikaa?" nikamuuliza.

"Alikaa," akasema Bi Hija kwa uchungu. "Kama kigingi. Majirani wakaanza kuniuliza nimemfanya nini mwanangu." Akanywa maji, akaweka kata chini. "Mwamvita, mie nilimsikia akikuacha. Nilidhani atakwambia. Nikaja Idi ile, nikaona hujui kitu, umenipakulia pilau. Nikanyamaza. Nikasema yatakwisha yenyewe."

"Idi zote, mama? Umekula kwangu Idi zote ukijua?"

"Nilijua." Akajifuta uso kwa ile kanga mpya. Sijawahi kumwona vile kabla ya siku ile. "Tena nilifurahi mwanzoni. Kila ukinijibu kwa ukali, nilikuwa najiambia moyoni, sema tu, wewe si mke wa mtu. Baadaye hata furaha ikaisha, ikabaki aibu. Nisamehe."

Kumsamehe nilimsamehe, lakini baadaye sana, na kwa vipande. Bi Hija akajikokota akamgeukia Bakari, akasema maneno ya desturi, kwamba wamekuja kuomba wapewe binti. Binti! Mimi na mvi zangu! Bakari hakujua afanye nini, maana mposaji haji mwenyewe akakaa pale anakohoa. Akajibu naye kwa desturi: "Tumesikia. Tutamuuliza mwenyewe."

Nikasema waje Ijumaa.

Ijumaa baada ya sala baraza la Bakari likajaa. Nusu nzima ya Keko ilikuja, maana watu walitaka kuona maiti anavyooa. Mie nilikuwa chumbani, Adelina yuko nami. Shehe akamtuma Bakari na mashahidi wawili waje mlangoni kuchukua idhini yangu.

Nilipoolewa mara ya kwanza nilikuwa mwali, nimefunikwa kanga kichwani, na swali hili hili liliulizwa. Nikanyamaza. Sheria inasema bikira kunyamaza kwake ndiyo ridhaa yake. Walipiga vigelegele juu ya kimya changu, na hakuna aliyesikia sauti yangu siku ile. Lakini mwanamke aliyewahi kuolewa, sheria inamtaka aseme kwa mdomo wake. Mara hii kimya changu kilikuwa hakimwozeshi mtu.

"Dada," akasema Bakari mlangoni, "unaridhia nikuozeshe kwa Mwinshehe, kwa mahari mliyokubaliana?"

Nikanyamaza. Nje watu wakatulia mpaka nikausikia mluzi wa kifua chake.

"Dada. Unaridhia?"

Nikasema kwa sauti ya kufika barazani. "Muulizeni yeye kwanza. Siku akiniacha tena, atamwambia nani?"

Wakaguna. Nikamsikia shehe akisema swali hilo halimo katika utaratibu. "Katika utaratibu wangu limo," nikamjibu huko huko ndani. Adelina akanibana mkono.

Nikamsikia Mwinshehe akitaka kujibu, kikohozi kikamshika. Kikamshika kwelikweli, kile kirefu. Watu wakangoja apate pumzi. Mie nilingoja pia, na kwa mara ya kwanza toka aliponitaka radhi, kungoja hakukuniumiza.

"Nitakwambia wewe," akasema. "Wewe kwanza, uso kwa uso, siku hiyo hiyo. Na mengine yote, Mwamvita. Nitakwambia wewe."

"Dada?" akasema Bakari.

"Nimeridhia," nikasema. "Niozeshe."